Ilianguka au Iliangushwa? Lugha ya Ajali na Ushuhuda wa Rubani katika Vita vya Siri, kutoka Laos hadi Mkataba wa Machakos

Utangulizi

Tarehe 20 Julai 2002, mjini Machakos, Ghazi Salahuddin Atabani kwa niaba ya serikali ya Sudan na Salva Kiir Mayardit kwa niaba ya SPLM/A walitia saini waraka ambao tangu hapo umejulikana kama Mkataba wa Machakos. Msuluhishi alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, chini ya mwavuli wa IGAD. Waraka huo uliwapa watu wa Sudan Kusini haki ya kupiga kura ya maoni baada ya kipindi cha mpito cha miaka 6, na kuiacha sharia ya Kiislamu itumike Kaskazini pekee. Haya yanafundishwa katika madarasa ya historia na sayansi ya siasa. Lisilotajwa sana, ingawa linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, ni kwamba mkataba huu umekaa kati ya helikopta mbili.

Ya kwanza ilitangulia. Tarehe 20 Februari 2002, helikopta ya kivita ya jeshi la Sudan iliwamiminia makombora na risasi raia waliokusanyika kupokea chakula cha msaada katika kijiji cha Bieh, kwenye eneo la mafuta la kusini mwa nchi hiyo. Watu wasiopungua 24 waliuawa mbele ya macho ya wafanyakazi wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Khartoum ilieleza masikitiko yake. Marekani ilisitisha mazungumzo. Mwezi uliofuata pande zilizokuwa zikipigana zilikubali kutowashambulia raia, na njia ya kuja Machakos ikaanza kufunguka. Helikopta ya pili ilifuata miaka 3 baada ya saini. Tarehe 30 Julai 2005, majuma 3 tu tangu aapishwe kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, John Garang aliondoka Uganda kwa helikopta ya rais wa nchi hiyo, aina ya Mi-172, akielekea New Site karibu na mpaka wa Kenya. Hakufika. Helikopta ilianguka katika milima ya Zulia. Au iliangushwa.

Makala haya hayana nia ya kuamua ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea. Kulikuwa na tume ya uchunguzi, na matokeo yake yatatajwa mahali pake. Yanachochunguza ni jinsi vita vinavyoendeshwa kwa siri vinavyoiharibu lugha ya ushuhuda, hasa neno *ajali*, kiasi kwamba hata siku neno hilo linapotumika kwa kweli, hakuna anayelisadiki. Shahidi mkuu atakuwa rubani wa helikopta, kwa kuwa ndiye anayeona mengi na kuruhusiwa kusema machache.

Mofolojia ya kuanguka

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba *anguka* na *angusha* ni ndugu, na kwamba baba yao ni *angua*, kitenzi cha mtu aliye chini ya mwembe. Katika *ilianguka* hakuna mtendaji. Kitu kilikuwa juu, sasa kiko chini. Kiambishi *-k-* kinatuambia hali, wala hakitupi mtu wa kumwuliza. Katika *iliangushwa* tumetia usababishi na kauli ya kutendwa, na mara moja nafasi ya mtendaji inafunguliwa hata kama msemaji hataki kuijaza. Anayesema *iliangushwa* na kunyamaza amekwisha kushitaki. Kipo pia kitenzi cha tatu, *ilitunguliwa*, ambacho nacho kimetoka mtini kabla hakijaingia jeshini. Hiki hakiachi shaka kwamba kuna aliyelenga.

Jambo la kustaajabisha, kwa yeyote aliyezoea kudharau somo la vinyambuo, ni kwamba mgogoro mzima wa kisiasa unaweza kukaa ndani ya herufi hizo chache. Gazeti likiandika *ilianguka* limechukua msimamo. Likiandika *iliangushwa* limechukua msimamo mwingine. Hakuna kitenzi cha katikati.

Nomino nayo ina historia yake. *Ajali* imetoka katika Kiarabu, ambako *ajal* ni muda uliowekwa, hususan ule wa mwisho wa uhai wa mtu. Katika matumizi ya zamani ya Kiswahili maana hiyo bado ipo: ajali ya mtu ni siku yake iliyoandikwa. Tunaposema *ajali haina kinga* tunazichanganya maana mbili, ile ya tukio la ghafla na ile ya kudura, na kwa kufanya hivyo tunamwondoa binadamu katika kisa. Basi serikali inayotaka kuficha jambo haihitaji kusema uongo mrefu. Inatosha itumie neno ambalo tayari lina mazoea ya kufunga maswali.

Marubani waliosema: mfano wa Laos

Kwa nini twende Laos wakati swali letu liko Afrika Mashariki? Kwa sababu huko marubani wa vita vya siri wamekwisha kusimulia, kumbukumbu nyingi zimefunguliwa, na hivyo tunaweza kulinganisha neno lililotolewa wakati wa vita na kisa kilichojulikana baadaye.

Mkataba wa Geneva wa Julai 1962 uliitangaza Laos kuwa nchi isiyoegemea upande wowote na kuyataka majeshi ya kigeni yaondoke. Vietnam Kaskazini iliyabakiza majeshi yake. Marekani nayo iliendesha vita vyake kupitia shirika lake la ujasusi, CIA, jeshi la Wahmong lililoongozwa na Jenerali Vang Pao, na kampuni ya ndege iliyoitwa Air America, ambayo kwa karatasi ilikuwa biashara ya kawaida na kwa kweli ilikuwa mali ya CIA. Kati ya 1964 na 1973 ndege za kijeshi za Marekani ziliangusha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu katika nchi hiyo ndogo (na hapa kitenzi *angusha* hakina utata wowote). Kazi ya helikopta za kampuni ilikuwa nyingine: kupeleka mchele na silaha vilimani, kuhamisha majeruhi na wakimbizi, kuwaokoa marubani wa kijeshi walioangushwa. Helikopta 16 za aina ya H-34 zilihamishiwa Air America huko Udorn, Thailand, mwezi Machi 1961, na baadhi ya waliozirusha walikuwa wanajeshi waliojiuzulu kwa karatasi tu.

Ifaa kukaa kidogo na kazi yenyewe, maana ndiyo inayounda usimulizi. Rubani wa helikopta hana mkono wa ziada. Mkono wa kushoto unashika wenzo wa kupandisha na kushusha, wa kulia unashika usukani wa kuinamisha chombo, na miguu yote miwili inauzuia mkia usizunguke. Katika H-34 injini imewekwa puani, na rubani amekaa juu ya chumba cha abiria, asiweze kuwaona wanaopanda wala wanaoshuka. Fundi wake ndiye anayelala kifudifudi mlangoni na kumwelekeza kwa vipokea sauti: shuka, kushoto, zimebaki futi 3, ngoja. Milimani hewa ni nyepesi, na joto linaifanya nyepesi zaidi, hivyo uzito anaoweza kuubeba asubuhi hawezi kuubeba adhuhuri. Kuanzia Februari hadi Aprili wakulima huchoma mashamba, na moshi huyafunika mabonde. Anakata shauri kwa sekunde chache ni majeruhi wangapi watapanda na ni wangapi watasubiri safari nyingine ambayo pengine haitakuwapo.

Kwa mhakiki wa mtazamo katika usimulizi, hii ni hali ya pekee. Msimulizi wetu yuko mahali penyewe, lakini nusu ya tukio liko chini ya miguu yake na amelipokea kwa sauti ya mwingine. Ushuhuda wa rubani ni ushuhuda wa watu wawili, na anayeusoma kama hadithi ya shujaa mmoja ameukosea. Filamu ya mwaka 1990 iliyoitwa kwa jina la kampuni hiyo, na ambayo chanzo chake ni kitabu cha Christopher Robbins cha 1979, iliigeuza kazi hii kuwa kichekesho. Marubani wengi wa zamani hawakupendezwa, na ni rahisi kuelewa kwa nini.

Sasa tuitazame lugha yao. Silaha na risasi ziliitwa *mchele mgumu*, ili zitofautishwe na mchele wa kula uliosafiri katika ndege zilezile. CIA iliitwa *mteja*. Mwanajeshi aliyevuliwa cheo kwa karatasi na kuvikwa uraia alisemekana *ameogeshwa kama kondoo*, tamathali ambayo mfugaji yeyote wa Ukambani mwenye josho karibu na boma lake ataifahamu bila maelezo: mnyama ni yuleyule, dawa tu ndiyo iliyompita. Long Tieng, makao ya Vang Pao na mojawapo ya viwanja vya ndege vilivyokuwa na shughuli nyingi kupita kiasi, ilijulikana kama *Mbadala*, kana kwamba ni uwanja wa akiba wa kijiji jirani. Hizi si tafsida za heshima kama tunazozifundisha, zile za kifo, haja na uzazi. Tafsida ya heshima hulinda uso wa msikilizaji, ambaye anajua kinachosemwa. Tafsida ya vita vya siri imekusudiwa msikilizaji asijue. Vitabu vyetu vya mtindo havijazitenganisha mbili hizi ipasavyo.

Kilele cha Phou Pha Thi

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tafsida hiyo ikigusa neno *ajali*. Juu ya mlima Phou Pha Thi, wenye kimo cha takriban mita 1,700, Marekani iliweka mtambo wa rada wa kuongoza ndege za mabomu kuelekea Vietnam Kaskazini. Waliouendesha walikuwa wanajeshi wa anga waliokwisha kuogeshwa kama kondoo na kuandikishwa kuwa waajiriwa wa kampuni ya Lockheed. Tarehe 12 Januari 1968 ndege za An-2 za Vietnam Kaskazini zilikishambulia kituo hicho, na helikopta ya Air America iliyoendeshwa na Ted Moore ilizifukuza. Fundi wake, Glenn Woods, aliitungua moja kwa bunduki ya AK-47 kutoka mlangoni. Mchoro wa tukio hilo ulizinduliwa hadharani mwaka 2007. Kwa muda mrefu kabla ya hapo mtu hangeweza kulieleza bila kuvunja kiapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi 1968, makomando wa Vietnam Kaskazini waliupanda mlima huo kwa upande wa jabali. Kati ya Wamarekani 19 waliokuwa kileleni, 12 walipotea au kuuawa. Kulipopambazuka helikopta ya Air America ilikuja na kuning'inia juu ya jabali. Richard Etchberger, sajenti mkuu wa mambo ya rada, aliwafunga wenzake majeruhi katika kamba ya kuinulia, mmoja baada ya mwingine, chini ya risasi, kisha akapanda mwenyewe. Helikopta ilipokuwa ikiondoka, risasi zilitoboa sakafu zikampata. Alikufa kabla ya kufika hospitali.

Wanawe waliambiwa kwamba baba yao alikufa katika ajali ya helikopta.

Tuichunguze sentensi hiyo kwa haki. Helikopta ilikuwapo. Kifo kilitokea ndani yake. Hakuna neno hata moja lililobuniwa kutoka hewani, isipokuwa *ajali*, nalo limefanya kazi yote. Mke wa Etchberger aliujua ukweli na alikuwa ameapishwa kunyamaza. Tarehe 21 Septemba 2010, miaka 42 baadaye, Rais Barack Obama aliwakabidhi wanawe nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi hiyo kwa niaba ya baba yao. Nchi ilikuwa imepata muda wa kutosha wa kuzoea: tarehe 6 Machi 1970 Rais Nixon alikuwa ametangaza kwamba hakuna Mmarekani aliyewekwa Laos aliyewahi kuuawa katika mapigano ya ardhini, na siku chache tu baadaye Ikulu yake ikalazimika kukiri kwamba yuko.

Milima ya Zulia na neno lililochoka

Turudi sasa upande wetu. Vita vya Sudan havikuwa siri kwa maana ya Laos, dunia iliviona. Lakini ndani yake kulikuwa na vita vingine vilivyokanwa. Kwa miaka mingi Uganda ilikana kuisaidia SPLA, na Khartoum ilikana kulisaidia jeshi la Joseph Kony. Tarehe 8 Desemba 1999, mjini Nairobi, Rais Museveni na Rais Bashir walitia saini makubaliano ya kuacha kuwasaidia waasi wa upande wa pili. Mwanapragmatiki atacheka kidogo hapa: anayeahidi kuacha amekiri kwamba alikuwa akifanya.

Anga la kusini mwa Sudan nalo lilikuwa na lugha yake. Kuanzia 1989 mpango wa Umoja wa Mataifa uliokuwa na kituo Lokichoggio, Turkana, ulipeleka chakula kwa ndege, na kila uwanja wa kutua ulihitaji kibali cha Khartoum. Milima ya Nuba haikupata kibali hicho kwa miaka mingi. Mashirika yaliyokuwa nje ya mpango yaliruka bila ruhusa. Hivyo *ndege ya msaada* ikawa na maana mbili kutegemea anayeisema, na rubani aliyeondoka Lokichoggio alfajiri alihitaji kujua ni jina gani la kijiji la kuandika katika karatasi na ni lipi la kutamka redioni.

Helikopta ya Garang iliingia katika anga hilo hilo lenye mazoea hayo hayo. Safari yenyewe ilikuwa ya faragha, na serikali ya Khartoum, ambayo yeye sasa alikuwa kiongozi wake wa pili, haikuwa imearifiwa. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa, marubani wakiwamo. Kwa hiyo shahidi yule tuliyemfuata kutoka Laos hapa hayupo kabisa. Palipotangazwa *ajali*, watu wa Kusini waliokuwa Khartoum walilikataa neno hilo kwa mawe na moto. Ghasia za siku zile ziliua zaidi ya watu 100. Rais Museveni mwenyewe, akiwahutubia waombolezaji siku chache baadaye, alisema kwamba huenda ni ajali na huenda ni jambo jingine. Tume iliyoongozwa na Abel Alier ilichunguza na kutoa ripoti mwaka 2006: ilitaja hali mbaya ya kuona na maamuzi ya rubani, na haikukuta hujuma. Yaani *ilianguka*.

Je, ripoti hiyo ilisadikiwa? Na wengine, ndiyo. Wengi hawakuisadiki, na itakuwa kosa kuwaita wajinga. Waliishi miaka 22 katika vita ambamo waliosema *hatumo* walikuwamo, na ambamo *masikitiko* yalitamkwa baada ya helikopta kulenga watu waliopanga foleni ya mahindi. Msikilizaji wa namna hiyo amejifunza sarufi yake mwenyewe: kila *ilianguka* ameizoea kuisoma kama *iliangushwa* iliyonyolewa viambishi. Tofauti kati ya kisa cha Etchberger na kisa cha Garang ndiyo kiini cha makala haya. Kwa Etchberger, *ajali* ilisemwa pasipokuwa na ajali, ikaaminiwa na watoto. Kwa Garang, tume ilisema *ajali* baada ya uchunguzi, na watu wakaona ni pazia. Neno lilikuwa limekwisha kutumika vibaya kabla halijahitajika.

Wakenya hawako mbali na jambo hili. Helikopta ya polisi ilipoanguka katika msitu wa Kibiku, Ngong, tarehe 10 Juni 2012 na kuwaua Profesa George Saitoti, Orwa Ojode na wenzao, na ile ya jeshi ilipoanguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024 na kumwua Jenerali Francis Ogolla na wenzake, mazungumzo ya matatu na ya sokoni yaliruka haraka kutoka kitenzi kimoja hadi kingine kabla mchunguzi yeyote hajaweka mguu pale.

Kazi ya nyanjani Machakos

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kwenda Machakos, Kangundo na Kathiani kukusanya ngano, nyimbo za kilumi na methali. Ni kazi njema. Lakini Ukambani ni pia nchi ya wanajeshi. Tangu enzi za jeshi la kikoloni la KAR, Wakamba waliandikishwa kwa wingi, na Jenerali Jackson Mulinge, aliyeliongoza jeshi la Kenya na baadaye akawa mbunge wa Kathiani, ni mmoja tu kati yao. Katika KAR Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Babu aliyestaafu jeshini anayo maneno ya kuamriwa kwa Kiswahili. Kama anayo ya kushuhudia kwa lugha hiyo, hilo litajulikana kwa kumsikiliza.

Tahadhari mbili zinahitajika. Ya kwanza ni ya kisheria na kiutu: Sheria ya Siri Rasmi, Sura ya 187 ya Sheria za Kenya, haistaafu pamoja na askari, na mwanafunzi mwenye kinasa sauti anaweza kumtia mzee mashakani kwa ajili ya tasnifu ya kurasa 100. Mzee aelezwe hilo kabla ya kinasa kuwashwa, naye awe na haki ya kuifuta kanda. Ya pili ni ya kitaaluma. Mkusanyaji asimsahihishe msimulizi wala asimpe kitenzi. Swali la *iliangushwaje?* limekwisha kumchagulia mzee jibu, *ikawaje?* linamwachia. Akinyamaza, urefu wa kimya chake uandikwe. Akisema kwamba jambo fulani aliambiwa na mwenzake aliyekuwa nyuma, isiandikwe kana kwamba aliliona. Na akisema *ilianguka* siku ya kwanza, kisha siku ya tatu, chai ikiwa imenywewa na mlango umefungwa, akasema *iliangushwa*, vitenzi vyote viwili vibaki katika unukuzi, kila kimoja na tarehe yake.